Mbwa, ng'ombe na sheria: Gharama iliyofichika katika soko la Kilombero

IFAKARA – Bonde la Kilombero linajulikana katika masoko ya Dar es Salaam na Morogoro kwa mchele wake. Msomaji wa ukurasa wa soko amezoea kukutana na jina la Ifakara pale gunia la mpunga linapopanda au kushuka bei. Lakini ipo mali nyingine katika bonde hilo, nayo hutembea kwa miguu yake yenyewe na gharama zake hazionekani katika orodha ya bei. Mali hiyo ni wanyama: ng'ombe anayepelekwa mnadani, kuku anayening'inia kwenye baiskeli, paka wa ghalani na mbwa anayelinda shamba.

Wanyama hao wote wanayo sheria yao. Ilipitishwa mwaka 2008, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa pale mnunuzi na muuzaji wanapopatana bei. Wafanyabiashara wengi huona habari za ustawi wa wanyama kama mambo ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni. Hesabu za bonde la Kilombero zinaonyesha vinginevyo. Mnyama anapotunzwa vibaya, yupo mtu anayelipa, na mara nyingi anayelipa si yule aliyesababisha hasara.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inahusu Tanzania Bara. Jambo kubwa ndani yake ni kwamba inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, si kitu kama gunia au baiskeli. Imeweka usimamizi wa ustawi huo chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, ikaruhusu kuwapo kwa wakaguzi, na ikaunda baraza la kumshauri Waziri.

Msingi wake ni kanuni zinazojulikana duniani kama uhuru wa aina 5: mnyama asiachwe na njaa wala kiu, asiwekwe mahali pa mateso, atibiwe anapoumia au kuugua, aweze kuishi kwa tabia za asili yake, na asiwekwe katika hofu. Kanuni hizo zina asili yake Uingereza, ambako kamati ya serikali ilitoa taarifa mwaka 1965 baada ya watu kulalamikia ufugaji wa kiwandani. Ikumbukwe kwamba hata huko kwao mjadala ulianza kwa mifugo ya biashara, wala haukuanza kwa mbwa wa sebuleni.

Sheria hiyo haiko peke yake. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, ambayo kanuni zake ndizo zinazotaka mifugo isafirishwe kwa kibali. Ipo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010, na ipo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu akisema Tanzania haina sheria atakuwa hajasema kweli. Kinachokosekana ni njia ya kuifanya sheria ifike mahali fedha zinapobadilishana mikono.

NG'OMBE NA NJIA YA MNADANI

Zamani bonde la Kilombero halikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o na ugonjwa wa nagana viliwazuia, na wenyeji wa bonde, Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena, waliishi kwa mpunga, uvuvi na mawindo. Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita wafugaji walianza kuingia kwa wingi: Wasukuma na maksai wao wa kulima, Wamasai, na Wabarabaig ambao wengi huwaita Wamang'ati. Baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, baadhi yao walielekea huku.

Ng'ombe wakiwapo, mnada hufuata. Ng'ombe wa bondeni huliwa Ifakara, Malinyi na Mahenge, na wengine husafirishwa kwenda Morogoro na hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa na vikwazo viwili: kivuko cha mto Kilombero na barabara ya vumbi ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa takriban kilomita 67. Kivuko kilizama Januari 2016, na daraja lenye urefu wa meta 384 likafunguliwa mwaka 2018. Barabara nayo ilianza kujengwa kwa lami kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na wafadhili wengine.

Njia ikiwa nzuri lori hufika mapema, lakini ng'ombe atafika katika hali gani, hilo halitegemei lami. Linategemea jinsi walivyopakiwa, kama walinyweshwa maji kabla ya safari, kama wakubwa wenye pembe wametengwa na ndama, na kama sakafu ya lori ina kitu cha kuzuia utelezi. Ng'ombe akiteleza na kukanyagwa, nyama yake huvilia damu na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa machinjioni. Akichoka kupita kiasi, sukari iliyo katika misuli yake huisha kabla ya kuchinjwa, na nyama hutoka nyeusi, kavu na yenye kuharibika upesi. Mwenye bucha anayeijua kazi yake huikataa au huishusha bei.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Lori limebeba ng'ombe 20. Ikiwa kila mmoja amepoteza kilo 8 za nyama kwa kiu, uchovu na kuvilia damu, hizo ni kilo 160. Mwenye lori hapati hasara hiyo, kwa kuwa analipwa kwa safari. Dalali naye hulipwa kwa kichwa cha ng'ombe. Anayepata hasara ni mchuuzi wa mwisho, naye hujilinda kwa kumpa mfugaji bei ya chini tangu mwanzo. Hivyo ukatili wa njiani huishia katika mfuko wa mfugaji wa Malinyi, ambaye wakati ng'ombe wake wanapigwa fimbo hayupo hata kushuhudia.

Habari ya ngozi ni hiyohiyo. Fimbo, kamba, miiba na chapa za moto zilizopigwa ubavuni huacha makovu. Kiwanda kikipanga ngozi kwa madaraja, ngozi yenye makovu hushuka. Kwa kuwa huku kwetu ngozi hununuliwa mara nyingi kwa bei moja bila kutazama daraja, mfugaji haoni faida ya kumtunza mnyama wake ngozi isichanike. Soko lenyewe limemfundisha kutojali.

KUKU WA BAISKELI

Msafiri wa barabara za Kilombero amemwona mchuuzi wa kuku wa kienyeji, baiskeli yake ikiwa na kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini. Wapo wanaosema kuku ni kuku tu. Lakini kuku aliyening'inizwa juani kwa saa nyingi akifa, mchuuzi amepoteza mtaji, na mchuuzi huyo ni mtu wa kipato kidogo kuliko wote katika biashara hii. Tenga la fito au la mianzi, ambalo mafundi wa vijijini wanalijua tangu zamani, linatatua tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Tishio kubwa zaidi kwa kuku ni mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri. Ugonjwa huu unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na kuku wa mnadani, wale wanaochanganywa kutoka vijiji vingi, ndio wanaousambaza. Chanjo ipo. Aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani, hutengenezwa hapa nchini na hutolewa kwa tone moja la jicho, kisha hurudiwa baada ya miezi 3 au 4. Juni 2025, katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ya miaka 5, yenye ruzuku kwa chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na chanjo ya kuku wa asili bila malipo. Magonjwa yaliyolengwa ni homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku.

Msomaji atagundua kwamba katika orodha hiyo ya magonjwa hayumo mnyama mmoja anayekaa karibu na binadamu kuliko wote.

MBWA: HESABU INAYOUMA

Katika bonde la Kilombero mbwa ni mfanyakazi. Mpunga unapoanza kukomaa, familia nyingi huhama kijijini na kukaa katika vibanda vya shambani kwa miezi, wakiwinga ndege na kufukuza ngedere, nyani na nguruwe pori. Mbwa hukaa nao huko. Kwa mfugaji, mbwa hulinda zizi usiku. Mbwa hawa wana wenyewe, hata kama wanazurura mchana. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania umeonyesha kwamba mbwa walio wengi wana kaya wanazozitegemea. Wale wasio na mwenyewe kabisa ni wachache.

Mbwa huyu asipochanjwa, gharama yake ni kubwa kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002, yaliyotokana na takwimu za watu walioumwa na mbwa, yalionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu takriban 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, wakati vifo vilivyoandikwa katika taarifa rasmi vilikuwa vichache mno. Wengi wanaoumwa ni watoto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vifo hivi vilikuwa vikipotea bila daftari.

Aliyeumwa anaweza kuokolewa kwa kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha kwenda hospitali kupata sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa. Hapo ndipo gharama inapoanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioongozwa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ulikadiria kwamba mtu wa kijijini aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa angehitaji zaidi ya dola 100 za Marekani ili kumaliza sindano zote, tukihesabu dawa, nauli na siku za kazi zilizopotea. Kwa kaya ya mkulima hiyo ni bei ya magunia, na pengine ya ng'ombe. Watafiti hao walieleza kwamba gharama hiyo, pamoja na uhaba wa dawa, iliwafanya watu wachelewe kwenda hospitali au waache sindano katikati.

Kumchanja mbwa mmoja katika kampeni ya kijiji hugharimu dola chache tu. Maana yake ni kwamba fedha za kumtibu mtoto mmoja zingetosha kuchanja mbwa zaidi ya 10. Hata hivyo, anayelipa hospitali ni mzazi wa mtoto, na aliyepaswa kumchanja mbwa ni jirani yake. Katika biashara, gharama inapomwangukia asiye na mamlaka ya kuizuia, hasara haikomi.

KILOMBERO ILIKWISHAONYESHA NJIA

Jambo hili si geni Ifakara. Kuanzia mwaka 2010, Tanzania ilikuwa moja ya nchi 3 zilizochaguliwa na Shirika la Afya Duniani kujaribu kuangamiza kichaa cha mbwa kwa njia ya chanjo ya mbwa, kwa fedha za Mfuko wa Bill na Melinda Gates. Nyingine zilikuwa Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, na Ufilipino, katika visiwa vya Visayas. Hapa nchini mradi ulihusu wilaya 28 za kusini mashariki, Pemba ikiwemo, na bonde la Kilombero lilikuwa ndani yake.

Mafunzo yaliyopatikana katika kazi hiyo na katika utafiti wa Serengeti na Ngorongoro yanaeleweka kirahisi. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wengine wasiofika 2. Ugonjwa huu basi hausambai kwa kasi ya moto wa nyika, na mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, unaweza kukatika. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka na wakubwa hufa, kwa hiyo kijiji kilichofikia 70 mwaka huu kitakuwa chini sana baada ya mwaka au miwili kama hakuna kampeni nyingine.

Pemba ni ushahidi. Baada ya chanjo za miaka kadhaa ugonjwa ulikatika kisiwani kufikia mwaka 2014. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Ilibidi mbwa wachanjwe tena kwa wingi hadi ulipokatika mara ya pili mwaka 2018.

Kuua mbwa kwa risasi au sumu, ambako halmashauri nyingi za Afrika Mashariki zimezoea, hakujaleta matokeo hayo popote. Mbwa waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao hujazwa na watoto wa mbwa wasio na chanjo. Kwa lugha ya biashara, ni sawa na mtu kuchoma ghala ili awamalize panya.

Na tukitaja panya, paka naye asisahauliwe. Wenye maghala ya mpunga Ifakara wanamjua paka kama mlinzi wa gunia. Paka naye hupata kichaa na huuma, na chanjo ya mbwa inamfaa pia.

MIFUGO INAPOKAMATWA

Upo upande mmoja wa ustawi wa wanyama ambao katika bonde la Kilombero haukwepeki. Bonde hilo liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar mwaka 2002, likiwa na karibu hekta laki 8. Ni makazi makubwa ya swala aitwaye sheshe, na maji yake ni sehemu kubwa ya mto Rufiji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ilizuia kuchunga mifugo katika mapori tengefu. Oktoba 2012 ilianza operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na mwaka 2023 sehemu ya pori tengefu ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero.

Ubishi juu ya nani anastahili ardhi hiyo ni mrefu, na mkoa wa Morogoro unaujua uchungu wake. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Kilosa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ukurasa huu hauna uwezo wa kuumaliza ubishi huo. Lakini lipo swali la kibiashara ambalo halihitaji kungoja: ng'ombe akikamatwa, nani anamnywesha?

Kundi la ng'ombe 200 likishikiliwa kwa siku kadhaa bila maji wala majani, mali inayeyuka kila saa. Kama mwenye mali atashinda kesi, atarudishiwa mifupa. Kama atashindwa na ng'ombe wakapigwa mnada, Serikali yenyewe itauza mali iliyokwisha thamani, na mnunuzi atachukua wanyama wanaoweza kufa kabla hawajafika machinjioni. Pande zote mbili zinapata hasara, na anayefaidika ni mlanguzi anayesubiri bei ya kutupa.

Mwaka 2013, Operesheni Tokomeza ilipofanyika nchini kupambana na ujangili, kamati ya Bunge ilipokea malalamiko mengi, yakiwemo ya mifugo kuuawa, na Desemba mwaka huo mawaziri 4 waliondolewa madarakani, Waziri wa mifugo akiwa mmoja wao. Hilo linaonyesha kwamba mateso ya ng'ombe yanaweza kuwa gharama ya kisiasa vilevile. Kanuni za ustawi zina mantiki moja: wajibu wa kumlisha mnyama unamfuata aliye naye mkononi. Kama mfugaji anabanwa na wajibu huo, ni haki anayemshikilia ng'ombe kwa jina la sheria naye abanwe. Birika la maji katika kituo cha kushikilia mifugo ni matumizi madogo kuliko kesi moja mahakamani.

SHERIA NDOGO ZENYE FAIDA

Nini basi kifanyike? Sheria za Serikali za Mitaa Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi hupewa taarifa na nafasi ya kutoa maoni, madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana huidhinisha, na sheria hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Halmashauri ya Mji wa Ifakara na jirani zake Mlimba, Ulanga na Malinyi hazihitaji kungoja Bunge.

Kwanza, chanjo ya mbwa na paka iwe ya lazima na iwe bila malipo. Maneno hayo mawili yaende pamoja. Zipo halmashauri ambazo zikisikia sheria ya mbwa hufikiria kwanza leseni na faini, kwa kuwa zinatafuta mapato. Hilo ni kosa la hesabu. Mbwa wa kijijini hana bei sokoni. Ukimtoza mwenyewe ada, atamkana, na mbwa aliyekanwa hachanjwi. Mapato ya ada yatakuwa madogo, na bili ya hospitali itapanda.

Pili, kampeni zifuate kalenda ya mpunga. Kijiji kikichanja mbwa wakati watu wako mashambani, nusu ya mbwa hawataonekana. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inaangukia wakati mavuno yamekwisha na watu wamerudi kijijini, hivyo inafaa bonde hili kuliko miezi ya mwanzo wa mwaka. Zaidi ya hayo, utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba aina ya chanjo ya mbwa inayotumika sana hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 3 katika joto la nyuzi 30. Kijiji kisicho na umeme basi kinaweza kuwa na akiba yake, na bwana mifugo wa kata akachanja mbwa mwaka mzima badala ya siku moja.

Tatu, kibali cha kusafirisha mifugo kiangalie pia namna ya kupakia. Bwana mifugo anayetia sahihi kibali mnadani yupo palepale lori linapopakia. Kutazama sakafu, idadi na maji hakumchukui dakika 10. Mnada ujenge njia ya kupandishia ng'ombe na birika la kunyweshea, na gharama itoke katika ushuru ambao wafanyabiashara wanalipa tayari. Wachuuzi wa kuku wapewe muda wa kubadilika kutoka kamba kwenda matenga, si polisi wa kuwakimbiza barabarani.

Nne, vituo vya kushikilia mifugo viwe na maji, malisho na daftari la idadi na hali ya kila mnyama siku anapoingia na siku anapotoka.

Wapo watakaosema haya yote yanaongeza gharama katika biashara yenye faida ndogo. Hoja hiyo ina uzito pale sheria inapokuja ghafla. Wenye machinjio ya punda wanaweza kushuhudia. Walijenga viwanda kwa soko la ngozi za punda nchini China, idadi ya punda ikawatia watu wasiwasi, na mwaka 2022 Serikali ikazuia uchinjaji. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Walioweka mitaji katika biashara hiyo walikuta mlango umefungwa. Hali kadhalika masoko ya nyama ya nje yanazidi kuuliza mnyama alisafirishwa na kuchinjwa vipi, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limekuwa na viwango vya usafirishaji na uchinjaji tangu mwaka 2005. Anayeanza sasa kwa gharama ya birika na tenga ataepuka amri ya ghafla baadaye.

YA KUANGALIA

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri hupangwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Mfanyabiashara wa Ifakara, mfugaji wa Malinyi na mzazi wa Mlimba wanaotaka kujua kama sheria ya mwaka 2008 itafika bondeni, wamwombe diwani wao awaonyeshe vifungu 3 katika bajeti: chanjo ya mbwa, ukarabati wa mnada, na maji katika kituo cha kushikilia mifugo. Vikiwapo na vikiwa na fedha, sheria ipo. Visipokuwapo, gharama itaendelea kulipwa kama inavyolipwa sasa, na wanaoilipa ni mfugaji anayepunjwa bei na mzazi anayeuza mpunga wake kabla ya wakati ili mtoto apate sindano.